Muvi ile ile ya vita, dakika tofauti: toleo la dairekta ni kitu gani hasa?

Das Boot, ile muvi ya Kijerumani ya nyambizi ya Vita vya Pili vya Dunia, ipo ya dakika 149, ipo ya dakika 209, na ipo ya dakika 293. Jina moja, dairekta mmoja, Wolfgang Petersen, waigizaji wale wale, nyambizi ile ile, na kava zake ukizipanga pamoja unaweza kudhani ni kitu kimoja. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha, huyu anasema inaenda mbio mpaka unakosa pumzi, yule anasema inachosha, na kumbe wote wako sahihi maana hawajaangalia kitu kimoja.

Hii ishu imewachanganya wengi na wala sishangai, kwa sababu yale maneno "Director's Cut", yaani toleo la dairekta, yanabandikwa kwenye vitu tofauti kabisa. Kuna toleo ambalo dairekta alinyang'anywa muvi yake halafu akaja kurudishiwa baadaye. Kuna lile ambalo studio ilitaka tu kuuza diski upya. Kuna la dairekta ambaye alishafariki, na kuna hadi ambalo ni fupi kuliko lililopita sinema! Nitakaa zaidi kwenye muvi za vita, kwa sababu mkasi ukipita huko unaondoka na kitu cha aina fulani karibu kila mara, na usipokijua hicho kitu hizi dakika za ziada utaziona kama uzito tu.

Tuanze na mkasi wenyewe uko mkononi mwa nani. Muvi inapigwa vipande vipande, maelfu ya vipande, halafu edita anakaa na dairekta wanaviunga. Muungano wa kwanza huwa mrefu kupitiliza. Marekani, chama cha madairekta kinachoitwa DGA kina mkataba na studio unaompa dairekta wa muvi ya sinema, ukiacha zile za bajeti ndogo, wiki 10 za kukaa na edita akaiunga anavyotaka yeye, bila mtu kumsimamia kichwani. Kinachotoka hapo ndo toleo la dairekta kwa mujibu wa mkataba. Yaani muvi nyingi tu kubwa za Hollywood zina toleo la dairekta, sema hujaliona na pengine hutaliona, maana likishaisha linakabidhiwa kwa maprodyuza na studio, linaonyeshwa kwa watu wa majaribio ambao wanajaza fomu za maoni, na mkasi unaanza kupita upya.

Wenye neno la mwisho ni wachache, wale wenye jina kubwa au wanaoweka hela zao wenyewe. Na hata hao mara nyingi wanapewa kwa masharti, muvi isizidi urefu fulani, isivuke daraja fulani la umri, ukivuka haki yako inayeyuka. Ufaransa ni hadithi nyingine. Sheria yao inasema muvi inahesabika imekamilika pale dairekta na prodyuza wanapokubaliana toleo la mwisho, na ni marufuku kuiharibu kopi mama ya toleo hilo, kwa hiyo dairekta wa kule ana pa kusimama hata kama mkataba wake ni mwembamba.

Sasa mbona studio inapenda kukata? Watu wanasema tamaa, ila ukikaa na kalamu unaona ni hesabu ya ukumbi. Ukumbi ukifanya kazi saa 12 kwa siku, na kila onyesho ukaliongezea dakika 25 za trela na kufagia, muvi ya dakika 144 inaonyeshwa mara nne, ya dakika 194 inaonyeshwa mara tatu. Hapo umepoteza robo ya viti vya siku nzima, kwenye kila ukumbi, tena kwenye zile wiki za kwanza ambazo ndo zenye hela. Na hizo namba mbili sijaokota hewani, ndo urefu wa matoleo mawili ya Kingdom of Heaven ya Ridley Scott, tutafika huko.

Diski haina hiyo shida. Mtu yuko nyumbani kwake, anaweza kusimamisha akaenda kupika akarudi, hakuna foleni nje inayosubiri onyesho la saa mbili usiku. DVD ilipoingia sokoni, Japani 1996 na Marekani 1997, na miaka michache baadaye mauzo ya DVD yakawa yanaingiza hela nyingi kuliko mauzo ya tiketi, studio zilizokuwa zinaogopa muvi ndefu zikageuka ghafla kuwa marafiki wa muvi ndefu. Wewe ulishainunua ile ya kwanza, utanunua na hii. Nia ya studio ni biashara tupu, sibishi, lakini biashara hiyo hiyo ndo iliyofungua maghala.

Haya, jiweke kwenye kiti cha edita. Una muvi ya vita ya saa tatu na robo, umeambiwa toa dakika 50. Unatoa nini? Mapigano huyagusi. Hayo ndo yamekula bajeti, farasi wamekodiwa, vifaru vimekodiwa, baruti imeteketea, na vipande vyake vishapelekwa kwenye trela. Kwa hiyo unachotoa ni kusubiri. Askari wanaocheza karata, wanaogombania kitu cha kijinga, wanaoumwa matumbo, ofisa anayeandika barua asiyoituma, wakubwa wanaobishana siasa mezani, mke, mtoto. Na yeyote aliyewahi kusoma kumbukumbu za watu waliopigana anajua kwamba sehemu kubwa ya vita ni hiyo hiyo, kukaa, kuchoka, kusikilizia. Muvi iliyokatwa sana inabaki bomu, kifo, bomu, kelele, bomu. Ndo maana toleo refu likitoka kuna watu wanakimbilia wakitegemea damu zaidi, wanakuta mazungumzo, wanalalamika wameibiwa. Mimi nadhani wamepewa kilekile kilichokuwa kimeibwa.

Das Boot inaonyesha hili kuliko nyingine yoyote, kwa hiyo tukae nayo kidogo. Msingi wake ni riwaya ya Lothar-Günther Buchheim ya 1973, jamaa ambaye alipanda kweli nyambizi U-96 mwaka 1941 kama mwandishi wa vita. Petersen akaipiga kwenye studio za Bavaria, Munich, kwa hela ambazo sehemu yake ilitoka televisheni ya Ujerumani, na hapo ndo siri yote ilipo: tangu mwanzo ilipigwa ili itoke mara mbili, muvi ya sinema na tamthilia ya TV. Walitengeneza nyambizi ya ndani yenye upana ule ule finyu wa ukweli, wakaiweka juu ya mitambo ya kuiinamisha na kuitikisa, na mpiga kamera Jost Vacano akawa anakimbia nayo mkononi kutoka mwisho huu mpaka ule, kamera ndogo aliyoifungia vifaa vya kuituliza isitetemeke, mwenyewe kavaa helmeti na mito ya kujikinga maana anajigonga kila mahali. Walipiga kwa mpangilio wa hadithi yenyewe, ya kwanza kwanza, ya mwisho mwisho, na waigizaji walizuiliwa kukaa juani, ili ndevu zikue kweli na rangi iwapauke kweli.

Ya sinema ikatoka 1981, dakika 149, ikapata mapendekezo sita ya Oscar, jambo la ajabu kwa muvi isiyo ya Kiingereza. Tamthilia ikaja kuonyeshwa BBC mwaka 1984 kwa vipindi sita na Ujerumani 1985 kwa vipindi vitatu. Halafu 1997 Petersen, ambaye wakati huo alikuwa ameshakuwa mtu mkubwa Hollywood, akarudi kwenye zile saa tano za TV, akatoa humo saa nzima akaiingiza kwenye muvi, na saundi ikajengwa upya kwa spika za kuzunguka. Hilo ndo la dakika 209. Likapita kumbini kwanza, baadaye likaja kwenye DVD, na mwaka 2004 ikaja ile kamili ya dakika 293.

Angalia tofauti. Dakika 60 zilizorudi hazikuwa takataka zilizookotwa chini ya meza ya edita. Zilikuwa zimeshamalizwa, zina rangi yake, zina saundi yake, zilishaonyeshwa kwa watu. Ndo sababu ukiangalia lile la 209 huoni kiraka. Na zimeenda wapi? Hazikwenda kwenye yale mabomu yanayodondoshwa majini kuilipua nyambizi. Zimekwenda kwenye maisha ya mule ndani. Siku ya kuondoka chakula kinaning'inia kila kona, soseji, mikate, choo kimoja kati ya viwili kimejazwa vyakula mpaka watu karibu 50 wanabaki na kimoja, vijana wanataniana matusi, wiki zinapita hakuna meli hata moja, kila mtu anaanza kumchukia mwenzake kwa namna anavyotafuna. Kwa hiyo inapofika Gibraltar, ule mlango mwembamba wa bahari, nyambizi imepigwa inazama, mshale wa kina unapita namba za mwisho za kipimo na bado unaenda, inakuja kukaa kwenye sakafu ya bahari mita 280 chini na zile bolti zinaanza kuruka kama risasi, wewe huwaoni tena wanajeshi wa Hitler, unamwona yule fundi wa injini na yule mwenye mchumba Mfaransa. Kwenye ile ya 149 Gibraltar ipo vilevile, inatisha vilevile, lakini unaogopa chombo kitapasuka. Kwenye ndefu unawaogopea watu.

Petersen alishawahi kusimulia kwamba muvi ilipoonyeshwa mara ya kwanza Los Angeles, yalipotokea yale maandishi ya mwanzo kwamba kati ya mabaharia 40,000 wa nyambizi za Ujerumani 30,000 hawakurudi, ukumbi ulipiga makofi. Wakishangilia vifo. Muvi ilipoisha ukumbi ule ule ulisimama kuipigia makofi muvi yenyewe. Na hiyo ilikuwa ile fupi, kwa hiyo nisieleweke kwamba fupi ni mbovu, fupi ni nzuri sana, ila ni muvi nyingine.

Sasa twende Kingdom of Heaven, ambayo ni kinyume chake, hapa dairekta kweli alibanwa. Ni vita vya msalaba, Yerusalemu ya mwaka 1187, Salahuddin anakuja na jeshi lake, fundi chuma anayeitwa Balian anaishia kuulinda mji. Mwaka 2005 ikaingia sinema ikiwa na dakika 144, wachambuzi wakasema picha nzuri, hadithi haishikiki. Mwaka uliofuata ikatoka DVD ya diski nne, dakika 194. Kilichorudi ni mtoto.

Kwenye ile ya sinema, malkia Sibylla kuelekea mwisho anaonekana kavunjika kabisa, hajielewi, nywele zimekatwa, anatangatanga. Hujui kwa nini. Kaka yake aliyekuwa mfalme amekufa kwa ukoma, sawa, lakini hiyo ilishapita na alijua inakuja. Kwenye toleo la dairekta unagundua alikuwa na mwana mdogo, mwana huyo akatawazwa mfalme baada ya mjomba wake, na siku moja nta ya moto ya kugongea muhuri inamdondokea mkononi na hashtuki. Haoni maumivu. Mama anaona, anaelewa palepale, ukoma umerudi kwenye familia. Anamwekea mwanawe sumu sikioni mwenyewe, akiwa amempakata, ili asije akavaa kinyago kama mjomba. Hicho kitu kizima kilitolewa! Wakabakiza mwanamke anayelia bila sababu, halafu watu wakamlaumu mwigizaji Eva Green. Mistari ya hadithi ikifyekwa namna hii huwa kosa halionekani pale palipokatwa, linaonekana nusu saa mbele, kwa mtu ambaye hana hatia.

Ukiambiwa toleo la dairekta limeongeza dakika 50 na hizo dakika zimefanya muvi ionekane fupi, mfano wake ni huu.

Apocalypse Now ya Francis Ford Coppola, muvi ya vita vya Vietnam, inavuruga zaidi, kwa sababu Coppola alikuwa ameweka mali zake rehani kuitengeneza na ya kwanza ya 1979 ilikuwa ni yake kabisa, ilishinda tuzo kuu ya Cannes mwaka huo kwa kugawana na muvi nyingine. Hakunyang'anywa kitu. Bado 2001 yeye na edita wake Walter Murch wakarudi kwenye marundo ya filamu waliyopiga Ufilipino wakatoa toleo jipya wakaliita Redux, wameongeza dakika 49: shamba la Wafaransa ambao wamegoma kuondoka Vietnam, wale wasichana wa burudani wanaokutwa kambini kwenye mvua, na Kurtz, yule kanali aliyeasi anayetafutwa muvi nzima, anasoma gazeti mchana kweupe. Halafu 2019 akaja na Final Cut, dakika kama 183, shamba limebaki, wasichana wa kambini wametoka tena, gazeti limetoka. Yaani mzee ana matoleo matatu na yote ni ya dairekta, la kijana aliyekuwa na hofu ya kufilisika, la mtu wa miaka 60 na kidogo aliyetaka kuonyesha kila alichokuwa nacho, na la mzee wa miaka 80 aliyeamua kupunguza. Ukiniuliza mimi, lile shamba la Wafaransa linasimamisha mto, muvi yote ni safari ya mto na pale boti inaegeshwa, lakini ndo kipande pekee ambacho mtu anasema waziwazi hii vita ilianza kabla ya Wamarekani. Sijui kama ningekuwa na roho ya kukikata.

Na kama dairekta hayupo tena? Samuel Fuller alipigana kweli kwenye divisheni ya kwanza ya askari wa miguu ya Marekani, kutoka Afrika Kaskazini mpaka Czechoslovakia, na maisha yake yote alitaka kuitengenezea muvi. Akaipata 1980, The Big Red One, ikakatwa ikabaki dakika 113. Fuller akafariki 1997. Mwaka 2004 mchambuzi Richard Schickel akiwa na timu yake wakachukua script ya Fuller na filamu zilizokuwa ghalani wakaijenga tena mpaka dakika 162, na kwa uungwana kabisa hawakuiita toleo la dairekta, waliiita Reconstruction, yaani ujenzi upya. Hilo ni jina la kweli. Marehemu hawezi kusema hapa nilitaka uache sekunde mbili zaidi.

Lawrence of Arabia, ya jangwani Vita vya Kwanza, ilibahatika zaidi. Ilizinduliwa 1962 ikiwa na dakika 222, ikapunguzwa, ikapunguzwa tena mpaka 187 ilipoonyeshwa upya miaka ya 70 mwanzoni. Ilipofika wakati wa kuirudisha, mwishoni mwa miaka ya 80, David Lean alikuwa bado hai akakaa mwenyewe kuisimamia, ila vipande vingine vilipatikana bila sauti. Ikabidi Peter O'Toole na wenzake waitwe studio kurudia maneno waliyoyasema zaidi ya miaka 25 nyuma, na mzee mwenye sauti ya mzee anaigiza sauti yake ya ujanani. Jack Hawkins alishafariki, sauti yake ikatiwa na mwigizaji mwingine, Charles Gray. Ilirudi kumbini 1989. Ukiwa na masikio makali unaweza kusikia mahali fulani sauti inabadilika rangi kidogo, na mimi huwa napenda pale kuliko pengine.

Sasa upande wa pili, lebo ya uongo, au tuseme lebo ya nusu. Mwenyewe Ridley Scott alitoa toleo la dairekta la Alien mwaka 2003, sio muvi ya vita lakini nisikilize, kwa sababu studio iliomba, na akaandika wazi kwamba ile ya 1979 ndo ilikuwa chaguo lake na hili jipya ni njia nyingine ya kuiona. Mtu mmoja, lebo moja, Kingdom of Heaven ni madai ya haki na Alien ni nyongeza ya duka. Kava haikwambii tofauti.

Petersen naye. Troy, vita vya Wagiriki, ilipita 2004 kwa dakika kama 162, toleo la dairekta likaja 2007 na dakika 196. Humo kuna nusu saa zaidi, baadhi ni watu kuongea na hizo zinasaidia, lakini nyingi ni damu, mji unapoangushwa unaona yale ambayo sinema ilificha kwa ajili ya daraja la umri, na pia muziki wa James Horner umebadilishwa sehemu kadhaa, kuna mashabiki hawajasamehe hadi leo. Hapo ndo utofautishe na zile zinazoandikwa "Unrated". Hiyo lebo inamaanisha tu kwamba toleo hili halikupelekwa kwenye bodi ya madaraja ya umri ya Marekani. Linaweza kuwa na dakika mbili za utumbo ulioongezwa na basi, dairekta hata hajaulizwa.

Na urefu sio ushahidi. Oliver Stone alitoa Alexander 2004 kwa dakika 175, mwaka uliofuata kwenye diski akatoa toleo la dairekta la dakika 167, limepungua, halafu 2007 akatoa la dakika 214 ambalo limepangwa upya kabisa, halafu 2014 la dakika 206. Manne. Ukimwambia mtu "nimeangalia Alexander" hujamwambia kitu.

Tuje kwenye diski yenyewe, huku kuna mtego wa namba ambao umewafanya watu wengi waamini wameuziwa muvi iliyokatwa. Muvi za sinema zinaenda fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde. TV za mfumo wa PAL, uliotumika Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, zinaenda 25. Kwenye DVD za PAL njia rahisi waliyotumia ni kuiendesha muvi haraka kidogo tu, asilimia 4, hivyo Das Boot ya dakika 209 inaisha kwenye kama dakika 200 bila hata fremu moja kutolewa, na sauti za watu zinapanda juu kidogo. Ukiona tofauti ya dakika saba nane kati ya diski mbili za muvi ya saa tatu, piga hesabu hiyo kwanza kabla hujaanza kulalamika. Kwenye Blu-ray, diski iliyokuja baada ya DVD, shida hii imepungua sana kwa sababu yenyewe inakubali fremu 24.

Halafu nafasi. DVD ya tabaka mbili inabeba GB 8.5, kwa hiyo muvi ya saa tatu na zaidi ama inabanwa mpaka moshi wa vita unaonekana kama vigae vigae, ama inagawanywa kwenye diski mbili na wewe unainuka katikati ya vita kubadilisha. Blu-ray ya tabaka mbili ni GB 50, diski za 4K, zenye picha kali zaidi, zinafika 100. Kuna pia ujanja mmoja mzuri wa diski: badala ya kuweka muvi mbili nzima, wanaweka vipande vya pamoja mara moja, na vile vya ziada pembeni, halafu kuna orodha mbili za kuchezea, ukichagua toleo la sinema mashine inaruka vipande vya ziada, ukichagua la dairekta inavipitia. Inasoma mbele kidogo kwa hiyo huoni mruko, isipokuwa kwenye mashine za zamani ambapo picha inaganda nusu sekunde pale pale walipounga. Kwa wanaopenda kujua kilichorudishwa, hiyo hitilafu ilikuwa zawadi.

Umbo la picha nalo liangaliwe. Redux ilipotoka kwenye DVD ilikuwa imekatwa pembeni, kwa sababu mpiga picha wake Vittorio Storaro alikuwa anataka muvi zote ziwe na umbo moja la 2 kwa 1. Kwa hiyo ulipewa dakika 49 zaidi za muvi huku kila fremu ikipoteza upana, wale helikopta wanaokuja wamejipanga kutoka baharini, wa pembeni hawapo. Upana kamili ukaja kwenye Blu-ray mwaka 2010. Huyo aliyekata ni mpiga picha mwenyewe, sio studio, kwa hiyo hata neno "imeidhinishwa na waliotengeneza" halimalizi kesi.

Kwa wanaonunua: "Remastered" na "Restored" zinahusu picha na sauti kusafishwa, hazisemi chochote kuhusu toleo, unaweza kupata 4K safi kabisa ya ile fupi. DVD na Blu-ray zina kanda za dunia, diski ya kanda nyingine inaweza kugoma kwenye mashine yako, ila za 4K hazina huo usumbufu. Tafuta pakiti yenye matoleo yote mawili, na kama kuna sauti ya dairekta anayeongea juu ya muvi isikilize, dakika kumi tu zinatosha kujua kama anazungumzia mtoto wake aliyerudi au kazi aliyoombwa na ofisi ya mauzo.

Mtandaoni ni shida zaidi kwa sababu unapewa jina tu. Napoleon ya Scott ilipita sinema 2023 na dakika 158, lile la dairekta la dakika 205 likaingia moja kwa moja Apple TV+ Agosti 2024. Na Red Cliff ya John Woo, vita vya China ya karne ya tatu, Asia ilitoka kama muvi mbili zenye karibu saa tano kwa pamoja, nchi za Magharibi wakapewa moja ya dakika 148, na ndo hiyo fupi inayojitokeza ukiitafuta kwenye huduma nyingi. Ikikutokea hiyo, iache. Tafuta sehemu ya kwanza na sehemu ya pili.